Sira Ipi Isomwe Barzani: Vitabu Sita na Ugomvi wa Kila Kimoja

Wanaokaa barzani Ngamiani, mjini Tanga, kati ya Magharibi na Isha, wengi wao waliipokea habari ya Mtume Muhammad (s.a.w.) kwa masikio kabla ya kuisoma kwa macho. Barzanji, kisa cha maulidi kinachosomwa kwa sauti, wanaisikia kila Mfungo Sita. Wanajua msomaji akifika wapi watu husimama, na chetezo hupitishwa wakati gani. Kwa hiyo sira yoyote, yaani kitabu cha maisha ya Mtume, itakayoletwa hapo inakuta nyingine imeshakaa. Ugomvi wa kwanza hauzuki pale wasomi wanapoutarajia, kwenye vita au ndoa. Huzuka mapema, kwenye ukurasa wa kuzaliwa: kasri la Kisra, mfalme wa Uajemi, lililopata nyufa, moto wa Wafursi uliozimika, ziwa la Sawa lililokauka. Mzee anasubiri ayasikie, msomaji anakwenda moja kwa moja hadi kwa Bibi Halima mnyonyeshaji, na swali linakuja: "Maalim, mbona umeruka?" Hakuruka. Kitabu hakina.

Vitabu tunavyovilinganisha ni sita: Ibn Ishaq kama alivyohaririwa na Ibn Hisham, Muhammad Husayn Haykal, Martin Lings, Safiur-Rahman al-Mubarakpuri, Karen Armstrong na Maxime Rodinson. Vyote vimewahi kuwaudhi watu. Ila havikuwaudhi watu walewale, wala kwa sababu moja, na hapo ndipo pa kuchagulia. Wapo wanaoudhiwa na riwaya iliyotumika, yaani habari iliyopokewa kwa wasimulizi, wapo wanaoudhiwa na muujiza ulioachwa, wapo wanaoudhiwa na sauti ya mwandishi, na wapo wanaokikataa kitabu kwa sababu ya dini ya aliyekiandika kabla hawajakifungua. Hao wa mwisho hawajibiwi kwa kitabu kingine. Watatu wa mwanzo wanajibika, mradi barza iwe imejiandaa.

Kwanza, kile cha kupimia vingine

Ibn Ishaq, aliyefariki Baghdad mnamo 767, ndiye baba wa sira iliyotufikia, naye alikuwa na maadui kabla ya wino wake kukauka. Malik bin Anas, imamu wa madhehebu, alimwita dajali miongoni mwa madajali. Lawama mojawapo ilikuwa kwamba habari za vita, kama vile Khaybar, alizipokea hata kutoka kwa watoto wa Mayahudi waliosilimu. Ibn Hisham, aliyefariki 833, alipoipunguza kazi hiyo alisema waziwazi katika dibaji yake kuwa ameacha mambo ambayo ni aibu kuyazungumza, mambo yatakayowaudhi baadhi ya watu, na yale ambayo mwalimu wake al-Bakka'i hakukubali kuyathibitisha. Kwa hiyo anayesema kuwa sira ya zamani ilikuwa safi, na kwamba ugomvi umeletwa na Wazungu, amwombe ustadhi amsomee ile dibaji.

Tafsiri ya Kiingereza inayotumika zaidi ni ya Alfred Guillaume, iliyotoka 1955. Ina mitego miwili. Maelezo ya Ibn Hisham mwenyewe yameondolewa ndani ya habari na kupelekwa mwisho wa kitabu, kwa hiyo ukisoma kisa bila kufungua nyuma hujui Ibn Hisham alikisema nini. Pili, Guillaume amechukua vipande vya Ibn Ishaq vilivyohifadhiwa na mwanahistoria al-Tabari akavirudisha mahali pake, akiviwekea herufi T. Kisa cha gharaniq, yaani ile riwaya inayodai kuwa maneno ya kuwasifu masanamu Lata, Uzza na Manata yalipenyezwa katika usomaji wa Suratu Najm, kimo humo kwa njia hiyo. Kwa Ibn Hisham hakimo. Ugomvi mwingi wa barzani wa "kimo" na "hakimo" unamalizika mtu akionyeshwa herufi hiyo moja.

Kusomwa barzani toka mwanzo hadi mwisho, hapana. Nasaba ni ndefu, orodha za waliopigana Badr ni ndefu zaidi, na mashairi hayatafsiriki papo hapo. Kiwe mkononi mwa msomaji wa pili, msaidizi wa yule anayesoma kwa sauti.

Haykal: anayewagawa Waislamu wenyewe

Hiki ndicho kitabu chenye ugomvi wenye faida, na ndicho tutakachokaa nacho. Haykal (1888–1956) alikuwa mwanasheria, mwanasiasa na mhariri wa gazeti Misri, mwenye shahada ya udaktari kutoka Paris. Alianza mnamo 1932 kwa makala za kukijadili kitabu cha Mfaransa Émile Dermenghem juu ya Mtume, makala zikakua, na 1935 Hayat Muhammad ikatoka ikiwa na dibaji ya Sheikh Mkuu wa al-Azhar, Muhammad Mustafa al-Maraghi. Nakala 10,000 za toleo la kwanza ziliisha kwa miezi. Tafsiri ya Kiingereza ya Ismail al-Faruqi ilitoka 1976.

Alichofanya Haykal ni kukataa kumthibitishia Mtume muujiza wowote wa kuwashinda watu hoja isipokuwa Qur'ani. Kupasuliwa kifua utotoni anakupa maana ya kiroho. Israa anaieleza kama roho ya Mtume kuukumbatia ulimwengu wote kwa pamoja. Jeshi la tembo la Abraha anasema liliangamizwa na ndui. Gharaniq anaikataa kabisa, na anaitengea sura nzima.

Wasomaji waligawanyika mara moja. Baadhi ya masheikh walisema ameziweka hadithi sahihi chini ya akili yake na kufuata njia ya wale mustashriki, wasomi wa Kizungu wa mambo ya Uislamu, aliodai kuwajibu. Rashid Rida, mhariri wa al-Manar, alimtetea katika suala la miujiza. Haykal mwenyewe alirefusha dibaji ya toleo la pili akiwajibu pande zote mbili, na dibaji hiyo inafaa isomwe mwisho, baada ya kitabu, maana anayeianza nayo anaingia akiwa ameshachagua upande.

Mfano mmoja wa karibu. Mzee anasikia "ndui" na kusema ni uzushi wa zama hizi wa kuikimbia Suratu Fil. Haykal hakuitoa kichwani. Muhammad Abduh alishalisema katika tafsiri yake ya Juzuu Amma. Lakini jibu zuri zaidi limo kwa Ibn Ishaq mwenyewe: katika habari ileile ya tembo, baada ya ndege na vijiwe vyao, anamnukuu mpokezi akisema kwamba mwaka huo ndipo surua na ndui vilipoonekana mara ya kwanza katika nchi ya Waarabu. Ibn Ishaq ameviweka vyote viwili, ndege na ndui, bila kumwambia msomaji achague. Haykal amechagua. Ukiiweka hivyo barzani, mjadala unatoka kwenye imani ya Haykal na kuingia kwenye namna anavyotumia riwaya, na hapo watu wanajifunza kitu.

Hatari ya Haykal ni ya mpangilio, na imeharibu vikao vingi kuliko ndui. Haykal ni wakili: anaieleza tuhuma ya mpinzani kwa urefu na kwa nguvu, kisha ndiyo anaijibu. Sura ya gharaniq iko hivyo, na maelezo ya ndoa ya Mtume na Bibi Zaynab bint Jahsh yako hivyo. Adhana ya Isha ikiingia katikati, barza inaondoka na tuhuma bila jibu, na kesho yake mjini inasemwa kuwa barza fulani inasoma kitabu cha kumtukana Mtume. Sura hizo mbili zisianzwe kama haijabaki angalau nusu saa. Zikianzwa zimalizwe, hata kwa kuruka maswali. Na asipewe mtu fotokopi ya ukurasa mmoja. Apewe sura nzima au asipewe. Picha ya ukurasa wa tuhuma ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp hairudi.

Lings: utamu wa kusikiliza, na pale panapokwaza

Martin Lings (1909–2005), Mwingereza aliyesilimu na kuitwa Abu Bakr Siraj al-Din, aliitoa sira yake mnamo 1983. Ameitegemea sana ile tabaka ya kwanza: Ibn Ishaq, al-Waqidi na Ibn Sa'd. Sura zake ni 85 na nyingi ni fupi, wastani wa kurasa nne, kila moja kisa kimoja kinachojitosheleza. Kwa kusomwa kwa sauti hakuna kinachokifikia kati ya hivi sita. Miujiza anaisimulia kama alivyoipokea, bila kuitetea na bila kuiomba radhi, kwa hiyo mtu wa Barzanji anakaa naye kwa raha.

Lawama zake zinatoka upande mwingine kabisa na wale waliomshika Haykal. Wakosoaji, hasa wa Saudia na wafuasi wa mwelekeo wao, walimlaumu kwa kumwamini al-Waqidi, ambaye wanahadithi wengi wanamhesabu kuwa dhaifu. Kurasa zinazotajwa daima ni mbili. Moja ni ya ufunguzi wa Makka mwaka 630, anaposimulia picha ya Maryamu na mwanawe Isa ndani ya Kaaba, ambayo Mtume aliikinga kwa mkono isifutwe. Habari hiyo imo kwa al-Azraqi, mwanahistoria wa Makka, wakati Bukhari anasimulia kuondolewa kwa picha na masanamu. Nyingine ni ya Mtume kufika mlangoni kwa Zayd, mume wa Zaynab wakati huo, na kumwona Zaynab. Haykal anaikataa riwaya ile. Lings anaisimulia kwa upole, kana kwamba haina mgogoro. Msomaji wa Lings hapati onyo lolote kwamba hapa wanavyuoni wamegongana, na hilo ndilo kosa lake kubwa kwa maoni yetu: si kwamba ametumia riwaya, bali amezishona bila kuonyesha mshono.

Lawama ya tatu, kwamba Lings alikuwa mtu wa tasawufi na tarika, katika mji huu haina uzito uleule. Mwambao umejaa watu wa Qadiriyya na Shadhiliyya.

Anayefasiri papo hapo ajue kuwa mazungumzo ameyaandika kwa Kiingereza cha kizamani, kile cha Biblia za zamani za Waingereza. Kijana wa kidato cha sita anayesoma vizuri gazeti atakwama. Sura za kikao zipitiwe mchana.

Al-Mubarakpuri

Rabita ya Makka, jumuiya ya Waislamu wa dunia, ilitangaza shindano la kuandika sira katika mkutano wa Karachi mwaka 1976. Miswada 171 ilipokewa, na mwanachuoni wa Kihindi al-Mubarakpuri (1943–2006) akachukua nafasi ya kwanza na riali 50,000 za Saudia kwa Ar-Rahiq al-Makhtum. Ni kitabu kilichopangwa kama somo: tarehe, ramani ya kisiasa ya Bara Arabu, kila vita na idadi ya watu wake. Kwa darsa ya madrasa kinafaa kuliko vyote. Gharaniq anaieleza kuwa ni uongo uliozushwa na makafiri baada ya kujikuta wamesujudu pamoja na Waislamu, basi, anaendelea.

Ugomvi wake ni mdogo, na ndiyo kasoro yake kwa barza inayotaka kujadili. Hakuna cha kujadili.

Armstrong na Rodinson: waandishi wasio Waislamu

Hawa wawili huwekwa kapu moja, na ni makosa.

Karen Armstrong, aliyewahi kuwa mtawa wa Kikatoliki, aliandika kitabu chake mwaka 1991, wakati Ulaya bado imechafuka kwa sababu ya kitabu cha Salman Rushdie, The Satanic Verses. Anawaandikia Wazungu wasiomjua Mtume, na sura yake ya kwanza nzima ni historia ya chuki ya Ulaya dhidi yake kuanzia Cordoba ya karne ya tisa. Barza ya Waislamu watupu itachoka hapo, tena itasikia matusi ambayo haikuwa imeyasikia. Ianze sura ya pili. Kikundi mchanganyiko, kwa mfano wanachuo Wakristo na Waislamu wanaosoma pamoja, kisiiruke, maana inamfanya Mkristo ajiulize maswali yake mwenyewe kabla ya kumuuliza mwenzake. Habari nyingi amezitoa kwenye tafsiri na kwa waandishi waliomtangulia, wakiwemo Guillaume, Lings na Rodinson, kwa hiyo akigongana na Ibn Hisham, asikilizwe Ibn Hisham. Baadhi ya wasomaji wa Magharibi walimlaumu kwa kumpendelea Mtume mno.

Maxime Rodinson (1915–2004) ni kitu kingine. Mfaransa wa ukoo wa Kiyahudi, msomi wa lugha za Kisemiti, Mmarx, asiye na dini na asiyelificha hilo. Kitabu chake cha 1961, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1971, kinaeleza vizuri biashara ya Makka, makabila na nafasi ya Uajemi na Bizanti. Kuhusu wahyi anasema Mtume alikuwa mkweli wa nafsi yake, lakini chanzo cha maneno ni undani wa akili yake mwenyewe. Gharaniq anaikubali, kwa hoja kwamba Waislamu wasingekitunga kisa kinachowatia doa. Hoja hiyo Haykal alikuwa ameshaijibu miaka 26 kabla, kwa kuonyesha jinsi riwaya zenyewe zinavyopingana na jinsi kisa kisivyoingiliana na mfululizo wa aya za Suratu Najm. Kuzisoma kurasa hizi mbili pamoja ni zoezi zuri kwa mwanafunzi wa chuo.

Mwaka 1998 kitabu hiki kilikuwa kinasomeshwa katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Cairo. Mwandishi wa safu katika al-Ahram alilalamika, na serikali ikaagiza kiondolewe. Waliokitetea walisema chuo ni mahali pa kusoma hata usichokikubali. Waliokipinga walisema vijana wa miaka 18 walipewa bila kitu cha kukipimia. Hili la pili, hata kwa asiyependa kuzuia vitabu, lina ukweli wa kiutendaji.

Barzani Rodinson haingii, na sababu kubwa ni ya kinywa zaidi kuliko ya imani. Sauti yake ina kejeli, na kejeli ya maandishi haibebeki na mfasiri wa papo hapo. Anaposema jambo kwa dhihaka, msikilizaji anaisikia dhihaka hiyo ikitoka kinywani mwa kijana aliyekaa mbele yake amevaa kofia. Hata ukitanguliza "mwandishi anadai", ikifika sentensi ya tatu watu wamesahau. Asomwe na mtu mmoja mmoja, kimya, mwenye Guillaume pembeni.

Hesabu ya kikao

Baada ya swala na sunna, muda unaobaki hadi Isha ni kama dakika 50. Ukurasa wa maneno 350 unasomwa kwa sauti kwa dakika tatu, na kuufasiri ni dakika nne. Ukiweka dakika 15 za maswali, unabaki na kurasa tano. Lings, mwenye kurasa zipatazo 350, atachukua vikao 70. Haykal, anayezidi 600, atavuka 120. Kwa kikao kimoja kwa wiki, Haykal ni zaidi ya miaka miwili, na hakuna barza itakayovumilia. Basi kwa Haykal chagueni sura kumi na mbili hivi na mfasiri azifupishe kwa Kiswahili kwa maandishi kabla. Kwa Lings someni sura moja kwa kikao, au mbili zikiwa fupi, bila kuruka, maana mtiririko wake ndio thamani yake.

Msomaji wa pili asifanywe mapambo. Kazi yake ni kufungua Guillaume kabla ya kikao, kuweka karatasi kwenye kisa husika na nyingine kwenye maelezo ya nyuma, na kuandika mstari mmoja: imo, haimo, au imo kwa riwaya mbili. Kwa Banu Qurayza, kabila la Kiyahudi la Madina, kwa mfano, aandike mapema kuwa Ibn Ishaq anataja waliouawa 600 hadi 700, na kwamba wapo waliosema 800 hadi 900, na kuwa hukumu ilitolewa na Sa'd bin Mu'adh. Namba hizo zikitajwa na mwenye barza kwa utulivu, kikao kinaendelea. Zikitajwa na kijana aliyezisoma kwenye simu, kikao kinavunjika.

Kwa barza ya wazee na vijana pamoja, Lings, huku zile kurasa zake mbili zikitangulizwa na maneno machache kuhusu al-Waqidi. Kwa darsa ya madrasa, al-Mubarakpuri. Kwa kikundi cha walimu na wanachuo walioshiba Barzanji na wanaotaka kuumiza kichwa, Haykal, wala msihofu kelele za wiki ya kwanza. Wakristo na Waislamu pamoja, Armstrong. Wasiosoma Kiingereza wala Kiarabu waanze na Maisha ya Nabii Muhammad ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), mwanachuoni wa Unguja aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya: ni ya Kiswahili tangu mwanzo, kwa hiyo zile dakika nne za kufasiri kila ukurasa zinabaki kwa maswali.